Niliambiwa nimechumbia dada yangu, kumbe shida ilikuwa jina la babu

Habari zenu wakuu. Kaeni vizuri, hii ni yangu mwenyewe, sijaambiwa na mtu na sijaongeza chumvi. Mahali nimepunguza ni pale mama yangu alipoongea.

Mimi ni Langat. Nakaa karibu na Kabianga, na kazi yangu ni AI. Si ile ya kompyuta, ni ile ya kupandisha ng'ombe kwa sindano ya mbegu. Ukinipigia simu asubuhi kwamba ng'ombe yako inasumbua, inataka fahali, nakuja na pikipiki, na mtungi wa mbegu.

Kwa wale hamjui huku kwetu, majina ya Kipsigis ni kama saa. Kibet amezaliwa mchana. Chepkoech amezaliwa kukipambazuka. Kiplangat, ambayo watu hukata iwe Langat, ni wa jioni. Kiprop ni wa mvua. Na vile Kericho hunyesha, sijui mbona sisi wote hatuitwi Kiprop.

Sasa, nilikuwa na msichana wangu, Chepkoech, wa Siongiroi. Miaka miwili. Tukakubaliana niende kwao na wazazi, mambo yaanze rasmi.

Wiki moja kabla, rafiki yangu aliyeoa akaniuliza kama najua ukoo wetu, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza wazee huuliza. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani, hata kama mmetoka wilaya tofauti na hamjawahi kuonana.

Sikujua. Honestly, wakuu, najua baba na babu wa kila fahali kwenye katalogi yangu. Babu yangu mwenyewe sikuwa najua zaidi ya kwamba alifanya kazi ya chai na akafa kabla sijazaliwa.

Nikauliza Baba. Alikuwa anapogoa majani chai, hakuinua kichwa. Akanitajia ukoo, nitauficha hapa kwa heshima ya wenyewe, halafu akasema mkasi umekuwa butu. Nikaona imeisha.

Siku ikafika. Tulikuwa mimi, Baba, Mama, na jirani yetu mmoja wa kusindikiza. Tulipokelewa vizuri. Mursik ilikuwa ya kwanza, ile maziwa ya kibuyu, nikanywa nikifikiria harusi ya Disemba.

Mjomba wa Chepkoech ndiye alikuwa msemaji wao, mzee mmoja mpole wa miwani. Akauliza ukoo. Baba akautaja.



Baba yake Chepkoech akaweka kikombe chini. Mjomba akavua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Huo ni ukoo wetu," akasema. "Hawa ni ndugu na dada. Tule chakula, tuombe, muende nyumbani salama."

Wakuu, miaka miwili! Nilianza kukumbuka vitu vyote tumefanya na Chepkoech, na kila kitu nikikumbuka kilikuwa kibaya kuliko kile cha kwanza. Jikoni nikasikia sufuria ikianguka, nikajua habari imemfikia.

Nikamwangalia Baba. Alikuwa anaangalia mabati kama mtu anahesabu misumari. Halafu akasimama, akavua kofia.

"Nimewadanganya," akasema. "Huo ukoo ni wa jirani wa zamani aliyempokea baba yangu akampa mahali pa kujenga. Baba yangu hakuwa na ukoo hapa. Alitoka upande wa ziwa, kabila lingine, na jina lake lilikuwa Odhiambo."

Mama akageuza shingo polepole. Nikajua na yeye anasikia leo.

Baba akaeleza yote. Babu alikuja kuchuma chai akiwa kijana. Akajifunza lugha, akaoa hapa, akapitia kila kitu kijana wa huku hupitia ili aitwe mwanaume, hiyo sitaeleza, mnaelewa. Majirani walipouliza maana ya Odhiambo, akawaambia ni mtoto wa jioni. Wakamwambia basi wewe ni Kiplangat. Jina lilitafsiriwa tu, kama vile mtu anabadilisha nguo.

Mjomba akamuuliza mbona afiche mpaka kwa bibi yake.

Baba akasema ule mwaka wa vurugu za uchaguzi alisimama kwa gate yetu, akaona rafiki yake wa kambi ya chai akihama na godoro kichwani, kwa sababu ya jina. Sisi hakuna mtu alituuliza chochote. Tangu hiyo siku, akasema, aliogopa hata kulitamka akiwa peke yake shambani.

Mimi ule mwaka nilikuwa mdogo, nakumbuka tu nikiambiwa nisitoke nje.

Wazee wa kwao wakatoka wakaenda kusimama karibu na boma la ng'ombe. Walikaa huko karibu saa nzima. Mama ya Chepkoech akabaki na sisi, na kwa sababu mtu lazima aseme kitu, akaniuliza kama najua kula samaki wa mifupa. Kwa kuchanganyikiwa, nikamwambia nakula samosa.

Wakarudi. Mjomba akasema, "Mtu wa ziwa anaweza kuoa hapa. Ndugu hawezi." Nilitaka kumkumbatia. Lakini akaongeza kwamba hawapeani msichana kwa watu wasio na watu. Baba atafute watu wake, aje nao, ndio tuongee.

Mama alianza kuongea tukifika nyumbani, na hapo ndipo napunguza. Itoshe kusema Baba alijipikia wiki mbili, na ugali yake hata mbwa aliifikiria kwanza.

Kitu pekee Baba alijua ni kwamba babu alitoka karibu na soko la Sondu. Akaenda siku tatu za soko, anauliza wazee kama kuna Odhiambo aliyeenda chai akapotea. Ya kwanza alichekwa, kwa sababu Odhiambo huko ni kama kumtafuta Kibet mjini Bomet. Ya tatu, mama mmoja muuza nyanya akamwangalia sana uso, akasema anafanana na watu wa kwao, akaacha nyanya zake, akamshika mkono akampeleka nyumbani kwao.

Mkutano wa pili tulienda na watu kumi na mmoja wa ukoo wa babu. Mmoja wao alikuwa kijana fundi wa kuchomelea mageti, umri wangu hivi. Akasimama akasema kwa Kiswahili kwamba yeye alizaliwa asubuhi, lakini walimpa jina la ndugu ya babu yao aliyeenda chai asirudi, ili jina lisipotee nyumbani.

"Mimi ndiye Odhiambo," akasema.

Huko kwao, ukipewa jina la mtu, wewe ndiye yeye. Baba yangu, mtu wa miaka sitini na kitu, akainuka, akamsalimia huyo fundi kwa mikono miwili, akamwita baba. Halafu akalia mbele ya wakwe. Mama ndiye alimpa kitambaa.

Tulioana. Chepkoech bado ananiita ndugu yangu akikasirika.

Nilichojifunza ni hiki: jina litakuambia ulizaliwa saa ngapi, halitakuambia ulitoka kwa nani. Hiyo lazima uulize mtu, na umuulize akiwa bado anaweza kujibu.

Haya, nyinyi mnaitwa nani na ni nani aliwapa? Na kuna mwenye alishawahi kupeleka posa na jina la kuazima, ama ni sisi tu?