Matokeo Niliyompa Nyangi

Nyangi ana duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Kabasa, Bunda. Mwaka juzi alianzisha tovuti ya mechi za kata. Mwanzoni ilikuwa mzigo: picha zinametameta, simu zetu zinakwama, watu wanaifunga. Akaifuta, akaijenga upya. Sasa inafunguka mara moja, ina matokeo, majina kamili ya wafungaji, na namba ya kumpigia akikosea. Kabla ya kuandika, huwapigia manahodha wote wawili. Watu wakahamia huko, wakabishana humo kutwa nzima.

Zamani walibishana mbele ya ubao wangu, uso kwa uso. Miaka ishirini na sita niliandika matokeo kwa chaki pale sokoni. Shule niliishia darasa la nne; mengine nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Siku hizi ubao ule mbuzi wanajikunia.

Jumapili moja tulicheza na kata ya Manyamanyama. Nyangi alikuwa msibani Butiama, akanipigia.

"Shikamoo babu. Mechi imeishaje?"

"Marahaba. Tumeshinda mbili bila."

Tulikuwa tumefungwa moja. Nilitaka watu waone tovuti inavyodanganya.

"Asante. Basi manahodha siwapigii. Wewe ulikuwaga unalowa mvua ili usikose bao."

Akaandika.

Asubuhi yake nilikuwa dukani kwake wakati Burito, nahodha wa Manyamanyama, alipoingia na wenzake.

"We Nyangi, bao langu umelimeza na ugali wa msiba?"

"Afunge tovuti, arudi kwenye kopi zake!" mwingine akadakia. Wakacheka.

Nyangi alinitazama mara moja tu. Nikasubiri anitaje.

"Kosa langu, kaka Burito," akasema. "Sikukupigia." Papo hapo akaandika juu kabisa ya tovuti: Jana tulikosea. Manyamanyama moja, Kabasa bila. Mfungaji Burito. Samahani.

Miaka yote nawatukana vijana kwamba hawana adabu. Nikaiweka mezani karatasi ya kopi niliyokuwa nimeishika.

"Burito," nikasema, "matokeo yale nilimpa mimi. Nilijua ni uongo."

Burito akatazama chini, kama aliyemwona baba yake uchi. Akanisogezea benchi. Sikuweza kukaa.

"Liandike jina langu hapo, mwanangu," nikamwambia Nyangi.

"Hapana, babu. Wasomaji wanataka matokeo."