Viganja vya Karoti

Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, ndevu zangu zikiwa nyingi kuliko za mwalimu. Baiolojia ilinikolea mpaka nikawaona wote nyumbani ni wagonjwa wangu. Wa kwanza alikuwa dada yangu. Alikuwa ameacha mkorogo, zile krimu za kujichubua, na uso wake ulibaki mkavu, una mabaka, unachanika kwa baridi ya Uyole. Shangazi wa mchumba wake alikuwa anakuja na mshenga kutoka Iringa. Asiporidhika, habari ya mahari imekwisha. Hata hivyo dada aliapa kwamba mkorogo haugusi tena.

Nikamwambia karoti ina karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, chakula cha ngozi. Ila bila mafuta haifyonzwi vizuri, kwa hiyo ale na parachichi, ambayo kwetu unajikwaa nayo njiani. Basi dada akala. Akala mbichi, akala kwenye wali, nadhani hata usingizini alitafuna. Karoti zile zingejaza lori na tela lake. Na kweli, sijui ni karoti, parachichi, au mkorogo kuachwa, uso ulianza kulainika.

Siku ya ugeni dada alipiga magoti, akatoa mikono yote miwili, akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Shangazi aliipokea mikono, akaigeuza. Viganja vilikuwa vya njano kama ua la boga.

Mama alishika tama. Shangazi akauliza, taratibu, binti anaumwa ini tangu lini na mbona hawakuambiwa.

Nikasimama kama profesa. Nikaeleza kwamba karotini ikizidi hujitokeza viganjani, lakini macho haiyagusi. Manjano ya ini huanzia huko machoni. "Mtazame macho, shangazi."

Akamshika dada kidevu, akamvuta kope, jicho hili na lile. Meupe kama maziwa. Kidevu hakukiachia; akapitisha kidole kwenye shavu lenye baka.

"Hapa ulikuwa unapaka, mwanangu?"

"Nilipaka, shangazi. Nimeacha. Itachukua muda."

"Wa kwetu bado wanapaka, na mimi wananiona mshamba nikiwasema. Ukija utanisaidia." Akamwachia kidevu. "Karoti nazo punguza, mwanangu, na wengine wapate."

Kisha akamgeukia mshenga, akamwambia aanze kusema kilichowaleta.