Kayamba Zilizopotea Ndani ya Faili

Mume wangu alianza kusumbuliwa na masikio wiki aliyonunua hedifoni. Hayakuwa yanauma, yaliacha tu kuridhika. Nyimbo tulizozicheza sebuleni kwetu Miyuji miaka yote, nikifagia huku naimba, ghafla zikawa hazifai. Alinieleza kwamba muziki tunaotumiana kwenye simu umebanwa. Ili faili liwe dogo, kompyuta hutupa sauti ambazo inadhani sikio la mtu halitagundua kwamba zimeondoka. Sikio lake, alisema, linagundua.

Sikubishana naye. Nafanya kazi masjala, katika ofisi ya serikali, na watu wanaojua kila kitu nawahudumia tangu asubuhi mpaka jioni. Kilichonishinda ni ile tabia ya kufumba macho. Akishavaa hedifoni anafumba macho, ananyanyua kidole kimoja, na sisi wengine tunatakiwa kunyamaza hata kama maharage yanaungua.

Wakati huo alikuwa amekwenda Chamwino kurekodi kwaya ya kanisani kwa mama yake, kwa kinasa sauti kizuri alichoazima kwa rafiki. Alirudi na wimbo mmoja, akautengenezea mafaili mawili. La kwanza lilikuwa kubwa, halijabanwa hata kidogo. La pili alilibana sana, ili liingie kirahisi kwenye simu za wanakwaya. Majina aliyaandika mwenyewe: Kamili na Dogo.

Jumamosi moja akaenda Majengo kununua mchele, akaiacha kompyuta wazi mezani. Nilivaa hedifoni nikasikiliza mafaili yote mawili, tena kwa nia njema kabisa, nikitafuta hiyo tofauti. Sikuisikia. Nikahisi nimetengwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Basi nikabadilisha majina: Kamili likawa Dogo, Dogo likawa Kamili. Kwa mtu wa masjala hiyo ni kazi isiyofika hata dakika mbili. Kisha nikaenda kuchambua mboga.

Jioni alisikiliza. Alianza na lile aliloamini ni Kamili, akafumba macho, kidole juu. Akaniambia unasikia kabisa ukubwa wa kanisa, unasikia hewa ikipita kati ya waimbaji. Alipohamia kwenye lile jingine akakunja uso. Alisema ni kama wanakwaya wamefungiwa ndani ya debe. Nilikimbilia jikoni nikajiziba mdomo kwa kanga.

Nilikusudia kumwambia siku ileile. Lakini siku iliyofuata akaja jirani, akavishwa hedifoni, akafundishwa habari za hewa na debe, akatikisa kichwa na kukubali kila kitu. Wiki iliyofuata akaja mkuu wake wa kazi, naye akasema debe analisikia waziwazi. Kila mgeni aliyekubali aliniongezea ugumu wa kusema ukweli na, nikiri, aliniongezea raha.

Baada ya kama wiki tatu, mama mkwe alikuja kututembelea. Alileta karanga na mlenda mkavu, nikamwamkia, nikampokea mizigo. Hata chai hajamaliza, mwanawe alikwishamletea hedifoni. Mama hakukubali kuvua kilemba, kwa hiyo zikakaa juu yake, zimetanuka kama pembe. Akasikilizishwa lile lililoitwa Kamili. Alitulia, mikono magotini, macho wazi kabisa. Wimbo ulipoisha aliuliza swali moja.

"Kayamba zimekwenda wapi?"

Mume wangu akamwambia zimo, asikilize vizuri. Mama akasema anachosikia ni kitu kama mtu anapepeta pumba nyumba ya tatu. Akawekewa lile la pili. Haikupita hata nusu ya ubeti, akaanza kutabasamu na mkono wake wa kulia ukatikisika wenyewe.

"Hizi hapa," alisema. "Mpaka pale nilipokosea, napasikia."

Mwanawe akamweleza kwa upole kwamba amechanganya, kwamba hilo ndilo lililobanwa, na huenda hedifoni hazijakaa sawa kwa sababu ya kilemba. Mama akamtazama.

"Baba, kayamba nilishika mimi."

Nilijua kinachofuata. Mume wangu aliinama kwenye kompyuta, akaangalia ukubwa wa mafaili, akaona lililoitwa Dogo ndilo kubwa. Halafu akageuka, si kwa mama yake, kwangu.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ya mchele."

Niliona anavyowapitia wageni wote kichwani, mmoja mmoja, mpaka akamfikia mkuu wake wa kazi. Hapo akaketi. Nilimwomba radhi, na niliomba kwa dhati, kwa sababu uso wake haukuwa tena wa kuchekesha. Aliyetuokoa ni mama, aliyetaka kujua tumefanyiana nini. Alipoelezwa, alicheka mpaka hedifoni zikateleza shingoni, na mwanawe akashindwa kuendelea kununa.

Mama ndiye aliyetufundisha kusikia. Alituambia tusisikilize wimbo. Tuwaache waimbaji waimbe, sisi tufuate kayamba peke yake. Nikajaribu, na kwa mara ya kwanza nikasikia: katika lile lisilobanwa, punje zinagonga moja moja, zinaanguka upande huu, zinarudi upande ule. Katika lile lililobanwa zimeyeyuka, umebaki mvumo tu. Mume wangu naye alisikiliza, macho wazi. Alirudia mara nne.

Wanakwaya walitumiwa faili kubwa, kwa amri ya mama, na simu zao kadhaa zikajaa. Wageni bado wanavishwa hedifoni nyumbani kwetu, ila habari za hewa na debe hazisemwi tena. Mkuu wake wa kazi hajaambiwa. Tulikubaliana hilo bila hata kulijadili.