Mkungu wa Ndizi Juu ya Boila

Asubuhi, mashine za kukoboa kahawa hazijaanza hata kunguruma, Muharami Uledi, mchochea moto, anainua macho juu ya boila, tangi la mvuke unaoziendesha. Moto atautazama baadaye. Kwanza anaukagua mkono wa chuma wa vali ya usalama, asije mtu akawa ametundika kitu.

"Utanicheka," anasema, "lakini mimi pombe sinywi, na pombe nusura iniue."

Msimu uliopita, mwaka 1953, Mama Penina, mchambuaji wa kahawa katika kiwanda hiki cha Bukoba, alikuwa anamwoza binti yake. Ndizi za kutengenezea rubisi, pombe ya harusi, zilikuwa hazijaiva, na ndizi hizo huivishwa kwa joto. Sasa mjini hapa, joto gani litalishinda la boila? Mama wa watu akapanda ngazi, akautundika mkungu kwenye ule mkono, akarudi kwenye kahawa yake. Nani aliwahi kumwambia kwamba mvuke ukizidi, mkono ule huinuka ili mvuke utoke? Mkungu ukaulemea.

Muharami alikuwa amekwenda kuchukua makapi ya kahawa ya kuchochea moto. Kurudi, geji ya mvuke imepita alama nyekundu, na vali kimya!

"Fikiria, ndugu yangu. Nyuma ya ukuta huu wamejaa akina mama, na mke wangu Asha yumo."

Akapiga kelele watoke. Yeye akabaki. Akaziba hewa ya tanuri, akauvuta moto nje kwa reki, makaa yakamchoma miguu. Geji ilipoanza kushuka, akapanda, akautua mkungu. Vali ikafoka mpaka mabati yakatetemeka.

"Nilisimama nje namwita tu," anasema Asha. "Mpaka leo nikimwona anakula, namshukuru Mungu."

Mama Penina alimpigia magoti akilia: "Nisamehe, baba, nilitaka ndizi tu."

Muharami hakumshtaki kwa mtu. "Wale wanawake hawakukimbia mbali. Waliniita kwa jina hadi nikatoka. Niwadai nini tena?"

Buberwa, mume wa Mama Penina, amepigilia misumari kwenye ukuta wa mbali, ya kutundikia ndizi. Muharami sasa anaomba vali izungushiwe wavu, na kila mchambuaji mgeni aletwe kwanza aisikie inavyopumua.

Baadaye, mashine zikiwa zinanguruma, vali inafoka. Nyuma ya ukuta sauti za akina mama zinapaa pamoja: "Kasinge waitu, Muharami!" Ndiyo shukrani ya Kihaya.

Anatabasamu, anaokota koleo.

"Huitika hivyo kila ikifoka," anasema. "Ndivyo ninavyojua wote wazima."