Video niliyoweka status ndiyo iliyomnyima baba fidia

Admin, ficha jina langu. Hili sijaambia mtu yeyote, hata mama. Mimi ndiye niliharibu kesi ya baba, na mtu mwingine analaumiwa nikiangalia.

Nina miaka kumi na saba, niko form four, tunaishi Huruma hapa Eldoret. Baba alikuwa anachana mbao kwenye kiwanda fulani. Mwaka jana rafiki yake wa miaka mingi alivutwa na mashine. Baba ndiye aliyekimbia kuizima, akachelewa. Tangu siku hiyo, posho mill ya jirani, ile mashine ya kusaga mahindi, ikiwaka anatoka mbio nje, siku moja akiwa na sabuni usoni, na watu wa ploti wanacheka. Daktari aliandika kwamba kazi ndiyo imemuumiza akili. Nikamjazia fomu ya fidia, kwa sababu Kiingereza chake ni cha kusalimia tu.

Meneja wa kiwanda aliisoma akitabasamu. Ni yule mtu anayeongea na wazee kama watoto wa nasari.

"Mzee, kidonda kiko wapi?"

"Kiko ndani," baba akasema.

"Sasa ndani nitapima na rula? Enda uombewe."

Akaenda kuombewa. Kanisani kwetu hakuna anayesimama mbele kusema bado anaumwa. Unashuhudia uponyaji kabla haujafika, hiyo ndiyo imani, na wote wanajua. Kuna wanaokohoa katikati ya kushuhudia kwamba kifua kimepona, na wengine wanaitikia haleluya bila aibu. Baba, mtu asiyeongea, akashika maikrofoni akasema, "Mungu ameniponya. Nalala kama mtoto." Jumatatu asubuhi posho mill iliwaka, akawa nje tena, miguu mitupu.

Mimi nilikuwa nimemrekodi pale kanisani akishuhudia. Nikaweka status. Binti ya meneja tuko darasa moja, na alikuwa ameniita mtoto wa chizi mbele ya watu. Mimi huwa sijibu mtu. Nilitaka tu aone kwamba baba si chizi. Akaona, akampelekea babake.

Barua ilikuja: mfanyakazi amekiri mwenyewe hadharani, kwenye video, kwamba amepona, hakuna fidia. Meneja hajawahi kuamini neno hata moja la baba, lakini hilo aliliamini haraka sana.

Baba anasema shemasi wetu ndiye aliuza video, kwa sababu yeye ndiye hurekodi ibada. Hamsalimii tena. Shemasi bado anatuletea maziwa kila Jumamosi, baba anaangalia ukuta, na mimi nayachemsha na kuyanywa. Hapo ndipo najidharau kuliko ninavyomdharau meneja.

Alhamisi afisa wa leba wa serikali atawasikiliza baba na meneja, na baba anataka niende nimsomee karatasi. Mama amemwambia, "Baba watoto, ukisema bado unaumwa, umekana ushuhuda. Utatuaibisha." Namjua baba, atanyamaza, na meneja atacheza ile video. Mimi naweza kumweleza afisa jinsi watu hushuhudia kwetu. Lakini nikifungua mdomo, baba atajua video ilitoka wapi, na mimi ndiye mtu pekee aliyebaki akimwamini.

Nilikuwa nimeficha simu ndani ya kitabu cha Biology nikiandika haya. Nasikia gumboots za baba koridoni. Nimeitoa, nimeiweka mezani ikiwaka. Msinitukane, nishaurini haraka: nianze kumwambia kuhusu video, au nianze kwa kumwambia shemasi hana hatia?