Baba Alipoanza Kukua Upya

Baba alianza kukua upya akiwa tayari ana wajukuu. Sisemi alinenepa. Kunenepa tungekuelewa, maana wanaume wa ukoo wetu hunenepa wote wakishaozesha mabinti. Yeye alikua kama anavyokua mvulana wa shule, akaanzia miguuni.

Baba ni fundi cherehani, ana kibanda Chamazi kando ya barabara ya kwenda uwanjani. Wakati huo kazini alivaa makubadhi ya ngozi aliyoyapenda sana. Yakaanza kumbana. Akayarudisha Temeke kwa aliyemuuzia, akamweleza kwa upole kwamba ngozi ya viatu vyake inasinyaa. Akapewa mengine, makubwa kidogo. Baada ya miezi kadhaa akarudi na malalamiko yaleyale, na muuzaji akambadilishia tena. Aliporudi kwa mara nyingine, yule bwana alichutama, akamshika mguu, akautazama kwa muda, kisha akamwambia, "Mzee wangu, viatu havisinyai. Wewe ndiye unayeongezeka."

Baba alifika nyumbani akasema Temeke hakuna waaminifu tena.

Ikafuata kofia. Mama alikuwa amemdarizia mwenyewe kwa mkono, kazi ya miezi, na Baba aliivaa kila Ijumaa. Sasa ilimkaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika. Akamshutumu Mama kwamba ameifua kwa maji ya moto. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Kofia nimeifua mie," alisema. "Kichwa sijakigusa."

Basi Baba akafanya ambalo fundi yeyote angelifanya. Alichukua futi yake ya kupimia nguo, akajipima kichwa, akapata jibu lisiloingia akilini. Akapima vidole, ambavyo siku hizo vilikuwa vinakwama kwenye matundu ya mkasi. Navyo vilikuwa vimezidi. Akanunua futi nyingine duka jingine, ikampa jibu lilelile. Hapo akaamua kwamba futi zote za mjini zimeanza kutengenezwa fupi, kwamba kiwanda kinapunja. Akawa anapima wateja wake, kisha anaongeza kidogo kufidia upungufu wa futi.

Kuna harusi ya Chanika ambayo mpaka leo inasimuliwa. Bwana harusi na wapambe wake wote walishonewa suti na Baba. Waliingia ukumbini wakiwa wamepotelea ndani ya makoti, mikono haionekani, kama watoto waliovaa nguo za marehemu. Baba, mtu muungwana, alisimama kuomba radhi. Lakini sauti yake nayo ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito, inatoka chini kabisa ya kifua. Aliposema "mabibi na mabwana" ukumbi mzima ulitulia. Hakuna aliyesikia maneno ya radhi. Walisikia sauti tu. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshaombwa awe mshereheshaji wa harusi nyingine mbili.

Unaweza kujiuliza sie wa nyumbani tulikuwa wapi. Tulikuwa palepale, tunamwona kila siku, na mtu unayemwona kila siku humwoni. Tuliona anatoka jasho hata wakati wa mvua, tukasema ni umri. Alilalamika kichwa kinamuuma, tukasema ni cherehani. Alikoroma hadi jirani akaja kuuliza kama tumenunua jenereta. Taya lilipanuka, pua ikajaa, na meno ya mbele yakaachana. Hilo la meno ndilo lililozua balaa, maana pwani mwanya ni uzuri. Wanawake wa mtaani wakaanza kumsifu. Mama akasikia fununu kwamba mzee ana nyumba ndogo inayomtunza, ndiyo sababu ananawiri uzeeni. Alinuna wiki nzima. Baba, ambaye hakuwa na nyumba ndogo wala nguvu za kuitafuta, alinung'unika kwangu kwamba analaumiwa kwa mwanya ambao hakuuomba.

Aliyegundua ni daktari, na hakuwa akimtafuta yeye. Mama alikuwa na kizunguzungu, tukampeleka hospitali moja Kinondoni kupima presha. Baba alikuja kumsindikiza. Daktari, dada mmoja mpole, alimuuliza Mama maswali, lakini niliona macho yake hayatoki kwenye mikono ya Baba iliyolala mezani kama mikate miwili. Mwishowe akamwomba Baba kitambulisho. Akaitazama picha, akamtazama yeye.

"Mzee, huyu ni wewe au ni mdogo wako?"

"Ni mie," Baba alisema. "Kabla ya futi kuharibika."

Daktari akamwambia Mama, kwa heshima zote, kwamba presha yake si mbaya, ila anayehitaji kulazwa apimwe ni mzee. Mama aliudhika. Aliuliza iweje yeye ndiye aliyeamka na kizunguzungu halafu ugonjwa apewe mume.

Ndipo tukaelezwa. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere inayoitwa pituitari. Ndiyo inayoamrisha tezi nyingine nyingi mwilini, na ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji. Kwenye tezi ya Baba, daktari alishuku, kumeota kijiuvimbe, aghalabu si saratani, kinachomwaga homoni hiyo bila kipimo. Angekuwa mtoto, angerefuka awe jitu. Kwa kuwa mifupa yake mirefu ilishafunga, homoni imekosa pa kwenda, imeishia kupanua mikono, miguu, taya na ulimi. Jasho, kichwa kuuma na kukoroma vyote vimetoka hukohuko. Ugonjwa huu ukiachwa, unaleta kisukari, unachosha moyo, na uvimbe ukikua unakandamiza mishipa ya macho.

Mama akauliza kama chanzo ni kuku wa kisasa wanaokuzwa kwa dawa. Daktari akasema hapana. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni jini. Daktari akasema hapana, wala si kosa la mtu. Mara nyingi hutokea tu, wala haurithiwi isipokuwa kwa nadra. Baba alipopewa nafasi aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo futi zangu ni nzima?"

Daktari hakuelewa, lakini alisema ndiyo. Sijawahi kumwona mtu akifurahia habari ya uvimbe kichwani namna ile.

Vipimo vilithibitisha. Alitolewa damu, akanyweshwa maji ya sukari, akatolewa damu tena, akaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Kisha wakatuambia watamfanyia upasuaji kwa kupitia puani. Mama aliomba warudie. Wakarudia. Usiku ule nyumbani hakuna aliyecheka, na mie nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu ghafla niliielewa ile mikono, na miaka yote tuliyoifanyia mzaha.

Upasuaji ulikwenda salama. Kilichotushinda ni masharti ya baadaye: asipenge kamasi, asiiname, na chafya ikija asiizuie, aiache itoke mdomo wazi. Sala alisalia kwenye kiti. Mama alipiga marufuku pilipili nyumbani, kisha akaona haitoshi, akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasikaange pilipili mpaka pua ya mume wake ipone. Wakakubali. Mtaa mzima ukala mchuzi usiowasha kwa ajili ya pua moja. Siku chafya ilipomjia, Baba alisimama katikati ya ua amefunua kinywa kama kiboko, sie tumemzunguka tumeshikana mikono, na chafya ikarudi ilikotoka.

Vidole vilipungua, uso ukalegea, jasho likakauka. Mkoromo uliisha, na Mama akakosa usingizi kwa ukimya, akawa anamwamsha kuhakikisha yupo hai. Taya lilibaki, maana mfupa haurudi nyuma. Sehemu ya uvimbe pia ilibaki, kwa hiyo kila mwezi anachomwa sindano ya kuituliza homoni.

Siku ya kwanza ya sindano tulikaa kwenye benchi refu la hospitali. Jina la Baba lilipoitwa, Mama alimshika mkono akamwongoza mpaka mlangoni, anamsihi asiogope. Nyuma yake nikasikia Baba anamwita. Mama akageuka, akamwona mumewe bado amekaa. Aliyemshika alikuwa mchonga vinyago wa Newala, mgonjwa wa maradhi yaleyale, taya lile, pua ile, mikono ileile. Alikuwa amefuata kimyakimya kwa kudhani Mama ni nesi.

Wale wanaume wawili walitazamana. Hawakuwa na kabila moja, wala ukoo, wala dini. Walifanana kama watoto wa tumbo moja. Mchonga vinyago alimwamkia Baba shikamoo, Baba akaitikia, kisha akamuuliza kiatu anavaa namba ngapi.