Matete Aliyoyang'oa Babu

Kwetu husemwa kwamba Babu Wendelin alichechemea kwa risasi ya Mjerumani. Shangazi zangu huisimulia hivyo mpaka matangani, na wageni hutikisa vichwa kwa heshima. Uongo mtupu. Mguu wa babu uliumizwa na wivu, na aliyeniambia ni bibi mwenyewe, Balbina, tulipokuwa tukipalilia mpunga, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe. Nawataja wote kwa majina ya ubatizo, ingawa waliyapata baadaye sana kwa mapadre, maana ndiyo tunayowajua nayo.

Babu hakuwa mtu wa bondeni. Alikuwa Mpogoro, aliteremka kutoka milima ya Mahenge baada ya vita vya Maji Maji, njaa ilipokuwa imekwisha kuua wengi kuliko risasi. Alikuja Ifakara na jembe moja na mdomo mkali, akamkuta Balbina, mjane, au ndivyo kila mtu alivyodhani. Mumewe, Melkiori, alikamatwa na askari, akatiwa mnyororo wa shingo pamoja na wenzake, akapelekwa pwani kubeba mizigo. Miaka miwili haikuja hata salamu. Wazee wakamwekea matanga, na babu akamwoa Balbina.

Halafu Melkiori akarudi, mzima.

Hakuleta fujo. Jumbe aliwaita wote watatu, akamwuliza Balbina mbele ya watu anabaki na nani. Balbina akasema anabaki na Wendelin. Hakuongeza neno. Melkiori akaokota kifurushi chake, akaenda kujenga ng'ambo ya mto Lumemo, mahali ambapo mtu akipaza sauti anasikika huku.

Mwingine angemshukuru Mungu akalala usingizi. Babu alishinda, lakini akaishi kama aliyeshindwa. Bibi akichelewa kisimani, anaulizwa alisimama na nani. Melkiori akikohoa ng'ambo, babu anamtazama mkewe usoni aone kama amesikia. Mwisho akatunga sheria: jina la yule mtu lisitajwe nyumbani kwake, wala kazi yake, wala kitu chochote alichowahi kukishika.

"Hata mimi alinishika," bibi akamjibu. Babu hakusema naye siku tatu.

Sasa, habari ya ardhi yenyewe. Kabla ya vita, viboko na nguruwe walipanda kutoka mtoni kula mpunga wa watu, na Melkiori alikuwa fundi wa marima, yale mashimo ya kunasia wanyama. Rima lake lilikwenda chini kuliko kimo cha mtu, na huko chini vilisimama vigingi vilivyochongwa. Juu lilifunikwa kwa fito, nyasi na udongo, usijue kitu. Vita vilipopita, mashamba yakawa pori, na marima yakabaki humo humo. Mafundi wengine walikufa. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kufungua shamba upande ule alikwenda kwanza kwa Melkiori, akasema, "Nimekuja kuomba matete." Melkiori hakumkatalia mtu. Baada ya siku mbili tatu alifika na tita la matete mabichi, akatembea polepole, akachomeka manne kwenye pembe za kila rima. Alipomaliza ndipo aliposema, "Piga jembe." Kabla ya neno hilo hakuna aliyegusa udongo. Hata jumbe mwenyewe aliomba.

Mwaka ule boma la Wajerumani liliagiza kila nyumba ifungue shamba jipya kabla ya mvua. Ambaye angeshindwa angekwenda kuvunja mawe ya barabara. Jumbe akamgawia babu kipande kando ya Lumemo, udongo mweusi, mzuri, nyuma tu ya nyumba yake. Watu wakamwambia: nenda ukaombe matete.

Yeye? Aende kwa Melkiori kuonyeshwa pa kulima?

"Nina macho yangu," akasema. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa Melkiori akanyage shamba lile, Balbina akiwapo, na yeye mwenye mke asimame pembeni kama mgeni. Aliona jumbe hakumaliza shauri, na kwamba mkewe angeweza kuondoka siku yoyote, kwa miguu yake, kwa kuvuka mto tu.

Bibi alijaribu. "Baba Digna, lile shamba, kabla hujalipiga jembe..."

"Unataka kumtaja?"

"Nataka kutaja shamba."

"Shamba ni langu. Nyamaza."

Akanyamaza. Kesho yake akajaribu tena, akanyamazishwa tena.

Siku ya tatu asubuhi babu alifika shambani akakuta matete. Manne hapa, manne pale, manne chini ya mkuyu, mabichi, yamechomekwa sawasawa. Damu ikampanda kichwani. Kumbe yule mtu amekuja bila kuitwa! Amekuja lini? Amemwona nani? Nani alimwambia kwamba shamba linafunguliwa leo? Akayang'oa yote, moja moja, akayavunjia gotini, akayatupa mtoni ili yule wa ng'ambo ayaone yakipita. Kisha akarudi chini ya mkuyu, kusudi, mahali pale pale alipokatazwa, akapiga jembe. La kwanza, la pili. La tatu likazama bila kugota kitu, naye akalifuata.

Vigingi vilikuwa vimeoza, ndiyo maana mimi nimezaliwa. Kimoja tu kilikuwa cha mti mgumu, nacho kikamchana paja. Mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Bibi alisikia kelele, akaja mbio, Digna mgongoni, akachungulia.

"Usijitikise," akasema, akatoweka.

Babu alijua amekwenda kumwita nani. Baadaye alimkiria bibi kwamba mle shimoni aliomba asirudi kabisa kuliko kurudi na yule. Wakarudi wote wawili. Kutoka chini aliwasikia wakizungumza.

"Ni lipi?" Melkiori aliuliza.

"La mkuyu."

"Lile lililotukwamisha kwa mizizi?"

"Hilo hilo."

Ni hayo tu waliyosema. Lakini babu, na damu yote ile iliyokuwa ikimtoka, alichomwa na silabi moja. *Lililotukwamisha.* Sisi. Nani na nani?

"Wewe," akaita kwa shida, "ulichimba naye?"

"Nilipandisha udongo kwa kikapu," bibi akajibu kutoka juu. "Marima yote kumi na moja ya shamba hili. Hakuwa na ndugu wa kumsaidia."

"Na hukuniambia!"

"Ulinikataza kumtaja, yeye na kazi yake. Nikaona basi, nichomeke matete mimi mwenyewe. Nani kayang'oa?"



Melkiori alishusha gogo lenye vidato, akateremka, akamfunga mguu kwa vijiti na magome, akambeba mgongoni. Njia nzima kifua cha babu kililala juu ya mgongo wa mtu yule, na macho yake hayakuwa na pa kutazama ila shingo, ambako kovu la mnyororo lilikuwa limezunguka, pana, jeusi. Ningependa kukuambia kwamba alimhurumia. Hakumhurumia. Alichowaza ni kwamba Balbina amekwisha kuliona kovu hili, na kwamba siku alipoliona lazima alilia.

Mvua zilikaribia, na boma halijali mguu wa mtu. Siku ya nne babu alimeza mate akasema, "Mwite Melkiori. Mwambie naomba matete." Ilikuwa mara ya kwanza bibi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Wakamtolea kitanda nyuma ya nyumba, akalala pale akiwatazama wawili wale wakipita shambani mwake. Melkiori alisimama akisitasita, bibi akatikisa kichwa, akamwonyesha hatua tatu mbele, Melkiori akachomeka tete pale. Mahali pengine Melkiori ndiye aliyemsahihisha. Hawakucheka, hawakugusana. Babu aliona afadhali wangecheka, angepata cha kuwashika nacho. Kumbe yale maisha yao, aliyoyapiga marufuku nyumbani, yalikuwa chini ya mpunga wake wote, na hakuna hata hatua moja angeweza kupiga bila kuwauliza. Walipomaliza la kumi na moja Melkiori akaja hadi kitandani. "Piga jembe, bwana," akasema, akavuka mto. Majirani ndio waliolima.

Jioni ile bibi alikuwa akipepeta mchele. Babu akamwita.

"Mama Digna. Siku ile kwa jumbe, kwa nini ulinichagua mimi?"

Tangu siku hiyo ya jumbe hakuwahi kuuliza.

"Nilikuwa na mimba ya Digna," bibi akasema. "Miezi mitatu."

"Ni hilo tu?"

"Siku ile, ni hilo."

Ungedhani mtu aliyevunjika mguu angetosheka. "Na kama usingekuwa na mimba?"

Bibi akaweka ungo chini. "Baba Digna, umeniuliza, nimekujibu. Hapo sasa usichimbe."

Waliishi pamoja miaka thelathini na mitatu zaidi, wakazaa watoto wengine watano, na babu hakuuliza tena. Melkiori hakuoa. Alipopita njiani babu alikuwa wa kwanza kumsalimu, kisha aliingia ndani, na chakula chake kikapoa bila kuguswa.

Niliuliza mimi, siku ile kwenye mpunga, maana ukaidi wa babu nimeurithi. Nikamwambia bibi wote wawili wamekufa, aseme tu: je, asingekuwa na mimba? Bibi aling'oa magugu mpaka mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Babu yako amekufa hajui," akasema. "Wewe nani ujue?"